Mjadala: Kijana mgeni mjini Arusha afundishwe stadi gani za maisha, na afundishwe na nani?

MLETA MADA (Sombetini, Arusha)

Wadau, habari za jioni. Naileta hoja hii hapa kwa sababu kikao cha mtaa wetu kiliishia kwenye kelele na tukaondoka bila muafaka. Pendekezo lilikuwa kuanzisha mafunzo ya stadi za maisha kwa vijana waliohamia mjini: waliotoka Singida, Kondoa, Mbulu, Longido na Simanjiro, pamoja na wachache wenye asili ya Burundi na Kongo tunaoishi nao. Upande mmoja ulisema wenye asili ya nje wasiingizwe kabisa. Upande wa pili ulikubali waingie wote, ila ukataka mafunzo ya siku tatu ukumbini, ya kujitambua, maadili na kukwepa makundi mabaya, kisha vyeti vigawiwe.

Nilizipinga pande zote mbili. Naandika sababu zangu kwa kirefu ili atakayenipinga anipinge kwa hoja.

Kijana anayeshuka stendi na begi moja hakuja hapa akiwa hana maadili. Amelelewa. Wengi wao wana adabu kuwazidi watoto wetu tuliowazaa hapa hapa Ngarenaro na Unga Limited. Anachokosa ni ujuzi wa mji. Dalali anamwonyesha chumba, anadai mwezi mmoja wake na kodi ya miezi sita ya mwenye nyumba, na kijana analipa bila karatasi yoyote kwa kuwa hajui kama karatasi hudaiwa. Bosi wa ujenzi anamwambia aanze kusaidia fundi, malipo wataongea Jumamosi, na Jumamosi hiyo inageuka mwisho wa mwezi. Mwingine anapewa pikipiki ya mkataba: alete hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, kisha chombo kiwe chake. Hiyo ni zaidi ya milioni 3 na laki moja, bado matengenezo, bado faini za barabarani. Hakuna aliyemkalisha wakaipiga hesabu hiyo kwenye daftari, akaenda dukani kuuliza bei ya pikipiki ile ile, akauliza na hili: ikiibwa mwezi wa kumi, hasara ya nani? Akikwama anakimbilia mikopo ya kausha damu. Anachukua laki moja, anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Amelipa 130,000 ndani ya mwezi, na keshokutwa anakopa tena.

Sidharau kujitambua. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 lilitaja stadi kumi za maisha: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa tafakuri, kuwasiliana, kuishi na watu, kujitambua, kuhisi hali ya mwenzako, kuhimili hisia na kuhimili msongo. Zote naziafiki. Ninachokataa ni kuzifundisha zikielea. Kufanya maamuzi ni pale ulipo mbele ya dalali na pesa imo mfukoni. Kuwasiliana ni kumwambia bosi, kwa heshima na bila kutetemeka, kwamba unaomba makubaliano yaandikwe. Kuhimili hisia ni kubaki na akili yako siku umefukuzwa kazi bila malipo, ukajua kwamba ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60, na kwamba ukikaa kulia geto miezi mitatu umeshachelewa. Ni vijana wangapi wa mitaa hii wanaozijua siku hizo 30? Tena ni wazee wangapi?

Moshi wana mfano ninaoupenda. Kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ofisi yake iko pale mjini. Huwaazima wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa, nguo za baridi bila malipo, na huendesha madarasa ya Kiingereza, huduma ya kwanza na matumizi ya pesa. Baadhi ya wagumu wale ni wahamiaji, wametoka kijijini wakiwa na nguvu zao tu. Mgumu akijua kwamba mzigo una kikomo cha kilo 20 na kwamba unapimwa getini, kujiamini kunamjia bila semina, kwa sababu sasa ana jambo la kulisimamia.

Na afundishe nani? Aliyefika kabla yake. Mlinzi wa Kimaasai aliyezoea mji anajua lindo lipi linalipa na lipi linakula jasho la mtu. Mama ntilie wa soko la Kilombero anajua namna ya kukataa mkopo mbaya. Mwezeshaji kutoka nje awepo, lakini akae pembeni amsaidie huyo kupanga maneno.

Kuhusu wakimbizi niseme wazi, maana hapo ndipo kikao kilipopasuka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamweka mkimbizi katika eneo lililotengwa, na akitoka anatakiwa awe na kibali. Ndiyo maana walio wengi wamewekwa Kigoma, kwenye kambi kama Nyarugusu, hawako Sombetini. Siombi mtaa uvunje sheria wala ufiche mtu. Lakini baadhi ya hao tunaowaita Warundi ni Watanzania: mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu takriban 162,000 wa lile kundi lililokimbia Burundi mwaka 1972, na watoto wao wana haki ya kutafuta maisha Arusha sawa na Mchaga wa Rombo. Wengine wana vibali halali. Hao wakae benchi moja na wenzao.

Mji huu una deni pia. Mei 1979 ulifanyika hapa mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi. Mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa hapa tarehe 28 Agosti 2000. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi 2015. Miaka yote hiyo tumepangisha nyumba, tumeendesha teksi na tumepika kwenye hoteli kwa sababu ya machungu ya majirani. Leo kijana wao mmoja aliye na karatasi zake akiomba kukaa darasani, tunaanza kuulizana kabila.

Karibuni.

MACHINGA WA KILOMBERO

Mkuu, umeandika vizuri ila mimi hujanishawishi.

Nina meza pale Kilombero. Mwisho wa 2018 tuliambiwa tuchukue kitambulisho cha mjasiriamali kwa 20,000, tukachukua. Tumepangwa, tumepanguliwa, tumepangwa tena. Kijana wangu kamaliza kidato cha nne, yuko kijiweni na mkeka wa kubeti mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kumwita kumfundisha kusoma mkataba. Leo naambiwa darasa lipo, ila ni la waliohamia. Unataka nijisikieje?

La pili ni sheria. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo kuna uwakala wa miamala ya pesa kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo za hotelini wala za utalii, na usafi wa majumbani. Raia anayemsaidia mgeni kuvunja amri ile faini yake ni milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mwenyekiti wetu wa mtaa ana milioni 5? Na kumfundisha mtu kazi asiyoruhusiwa kuifanya ni kumdanganya. Atatoka pale na matumaini, akutane na askari.

MLETA MADA

Ndugu yangu, la kijana wako limenigusa na nalijibu kwanza. Alete jina. Nilichosema kwenye kikao, na nakirudia, ni kwamba nusu ya viti viwe vya vijana wazawa wa mtaa. Siyo kwa ajili ya kuwatuliza. Ni kwa sababu mgeni anajifunza mji kwa mwenye mji, na kijana wako naye ana cha kujifunza kwa msichana aliyefika hapa hana ndugu na sasa anajilipia chumba. Tukiwatenga wageni kwenye darasa lao, tutavuna chuki ile ile unayoisema.

Kuhusu amri ya 2025, uko sahihi kwamba tusimfundishe mtu kunyoa kisha tumwache akamatwe. Ndiyo maana sisemi tufundishe ufundi. Ufundi una vyuo vyake vya VETA. Ninachosema ni kwamba orodha ile ya biashara 15 yenyewe iwe somo. Asiye raia aijue mapema, kabla hajatoa akiba yake kukodi fremu kwa jina la rafiki. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, watu wanadhani inamruhusu kila Mkenya na kila Mrundi kufanya kazi yoyote hapa. Tanzania ilifungua fani maalumu za kitaalamu; saidia fundi hayumo. Kijana akielezwa ukweli huo mapema anaokoka. Aliyemficha ndiye aliyemdanganya.

BODABODA, SAKINA

Hesabu ya mkataba umeisema kweli tupu. Ongeza na kadi ya pikipiki. Waulizeni kadi iko kwa jina la nani na itabadilishwa lini. Nimeona mtu kamaliza mkataba, mwenye chombo kahamia mkoa mwingine na kadi yake.

DADA WA KWA MROMBO

Shikamooni mlionizidi, wengine habari zenu.

Nimesoma yote hadi hapa na naona mnazungumza kana kwamba wanaohamia mjini ni wavulana tu. Pikipiki, ujenzi, lindo, mlima. Msichana yuko wapi? Yuko jikoni kwenu. Nendeni mkamtazame sasa hivi.

Mimi nilitoka Kondoa nikiwa mdogo, nikaletwa na mtu tuliyemwita shangazi kuja kufanya kazi za ndani. Mshahara ulikuwa unatumwa kwake. Niliambiwa ananitunzia. Sikuwa na simu, sikuwa na siku ya kupumzika, na jirani niliyeruhusiwa kusalimiana naye alikuwa mmoja. Hilo darasa lenu la ukumbini lingefanyika hata ng'ambo ya barabara nisingelijua. Na ningelijua, nani angenipa ruhusa?

Kwa hiyo kabla ya kubishana wafundishwe nini, semeni watafikaje. Dada wa kazi akiruhusiwa kutoka, ni Jumapili baada ya ibada, saa mbili au tatu basi. Mafunzo ya Jumatano saa nne asubuhi ni ya wavulana wa kijiweni. Mkitaka wasichana, wekeni Jumapili mchana, karibu na kanisa na msikiti, na mwalimu awe mwanamke, na mama mwenye nyumba aambiwe kwa heshima kwamba yeye mwenyewe atafaidika kwa dada anayejua kuzima jiko la gesi na kumpa mtoto huduma ya kwanza. Akishakubali hilo, mengine mtayafundisha mkiwa mmeshakaa.

Mengine ni yapi? Kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na yeye wa jikoni. Kwamba mshahara ni wake, alipwe mkononi au kwenye laini yake, asitumiwe shangazi wala mjomba. Kwamba kipo chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachowachukua na wa majumbani. Kwamba mtoto akiteswa kuna namba 116, unapiga bure. Kwamba mwanaume wa nyumba akianza kuingia jikoni usiku, kosa siyo lake yeye msichana, na yuko mtu wa kumwambia nje ya ile nyumba. Hili la mwisho mkilifundisha peke yake, mimi nitawapigia magoti.

Leo nina saluni yangu ndogo na wasichana wawili ninaowafundisha. Huwa nawaambia jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: tunza nauli ya kurudi kwenu, iweke mahali ambapo hakuna anayepajua. Mwenye nauli anaweza kuondoka. Asiye nayo anavumilia mambo yasiyovumilika.

Na wenye nyumba wafundishwe pia. Stadi za maisha mnazipeleka kwa mnyonge kila siku, mwenye nguvu mnamwacha.

MLETA MADA

Dada, ahsante sana. Jumapili mchana naichukua kama ilivyo, na la wenye nyumba nitalipeleka kwa mwenyekiti. Una nafasi ya kuja kuwa mmoja wa walimu? Nauliza kwa dhati.

MWALIMU MSTAAFU, MOSHI

Wanangu, nawasoma nikiwa hapa Majengo.

Mnazungumza kama nchi hii haijawahi kulifanya jambo hili. Baada ya vijana wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, mamia walikimbia Afrika Kusini, na chama chao cha ukombozi, ANC, kikapewa ardhi pale Mazimbu, Morogoro. Mwaka 1978 ikaanza shule iliyokuja kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Walisoma masomo ya darasani, lakini pia walilima, walifuga, walichonga samani na walishona nguo. Wasichana waliopata watoto wakiwa ukimbizini walijengewa kituo cha kulea watoto ili warudi darasani. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao, majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Sasa mleta mada, hapa natofautiana nawe. Umesema wachanganywe tangu mwanzo. Mazimbu walikuwa na mahali pao, nidhamu yao, viongozi wao. Kijana aliyepoteza kwao anahitaji kwanza kusimama miongoni mwa watu wanaoujua msiba wake. Ukimtupa katika darasa lenye kijana wa Kilombero mwenye kinyongo, wa kwanza kunyamaza atakuwa yeye. Wapeni muda wao, kisha muwachanganye.

Na jambo la kazi lisitupwe VETA peke yake. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka mkono na kichwa viende pamoja. Mwanafunzi alijifunza uwajibikaji kwa kuwa ng'ombe wasipokamuliwa asubuhi, maziwa hakuna.

MLETA MADA

Shikamoo mwalimu. Mfano wa Mazimbu ni mzito na nakubali kwamba wale walifaulu wakiwa peke yao. Lakini mwalimu, wale walikuwa na chama kilichowangojea na nchi waliyoamini itakombolewa, na Serikali yetu iliwapa ardhi kwa moyo mmoja. Huyu wa leo hana chama. Akikaa peke yake na wenzake, wa kumtambulisha kwa mtendaji hayupo, wa kumwonyesha kazi hayupo. Jirani ndiye chama chake.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa, 1996, leo huenda ana watoto wake. Amesoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, kwa mpango kwamba atarudi. Ameishi na watu wanaoujua msiba wake tangu azaliwe. Kitu ambacho hajawahi kupewa ni kukaa na asiyeujua.

USTAWI WA JAMII, MOSHI

Salaam. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi. Naandika kwa maoni yangu binafsi.

Mwalimu ana hoja ambayo mleta mada ameipita haraka. Kuna vijana ambao tatizo lao la kwanza siyo mkataba wala dalali. Hawalali. Mlango ukigongwa kwa nguvu wanaruka. Ukimweka mtu wa namna hiyo mbele ya daftari la mapato na matumizi, utasema hana bidii, kumbe hajafumba macho tangu juzi. Na siyo wa Kongo tu. Nimekutana na hali hiyo kwa mvulana wa hapa hapa kwetu aliyetoroka machimbo ya Mererani alikokuwa akiingizwa shimoni akiwa mtoto.

Ninachoomba kwa atakayeendesha darasa hilo ni hiki: msimwombe kijana asimulie yaliyompata mbele ya watu. Kamwe. Hata kama kuna mfadhili amekuja na kamera, hata kama kijana mwenyewe amekubali, maana anakubali kwa kuogopa kuwaudhi. Mambo mengine yanamtuliza mtu bila yeye kusema neno: saa isiyobadilika, mtu yule yule kila wiki, jina lake kutamkwa sawasawa, mpira kabla ya somo. Ukiona haendi mbele, mlete kwetu. Msijaribu kumtibu wenyewe.

Kwa hiyo mimi sipo kwa wanaosema maadili, wala sipo kikamilifu kwa mleta mada. Kumpa kijana kitu cha kushika, kama mkataba na hesabu, ni sawa. Ila mkono unaotetemeka haushiki.

MZALIWA WA MISHAMO, SASA PASUA MOSHI

Nimesita kuandika. Lakini naona mnatuzungumzia, acha niseme.

Nimezaliwa Mishamo, makazi ya wakimbizi kule Katavi; wazazi walitoka Burundi 1972. Kulima tulifundishwa, nidhamu tulifundishwa, dini tulifundishwa. Hatukufundishwa namna ya kuishi mahali ambapo watu hawatujui. Nilipofika Moshi nilikuwa nasema natoka Kigoma, basi. Nilikuwa nimeshapata uraia na bado nilikuwa naogopa. Askari akiniuliza kwetu wapi, nilikuwa najibu haraka mno, na anayejibu haraka ndiye anayetiliwa shaka.

Mtu aliyenisaidia ni fundi seremala, mzawa wa Kibosho. Alinifundisha mambo madogo. Toa kopi za cheti cha uraia, moja iache kwa mtu unayemwamini. Jitambulishe kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, usingoje kuitwa. Ukiulizwa jibu lile lile, polepole, mwangalie mtu machoni. Na usitumie laini ya mwenzako.

Hili la laini watu hawalijui uzito wake. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, asiye na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) wala karatasi zinazokubalika anaomba rafiki amsajilie. Pesa yake yote inakaa kwenye jina la rafiki. Wakigombana, imekwenda. Nimeona mtu akipoteza akiba ya msimu mzima kwa namna hiyo na hakuwa na pa kushtaki, maana kwa karatasi pesa haikuwa yake.

Sasa mwalimu wangu wa Majengo, kwa heshima: mimi naungana na mleta mada. Kama ningekaa na watu wa Mishamo tu, fundi yule nisingempata.

MACHINGA WA KILOMBERO

Nimewasoma wote, na huyu ndugu wa Pasua amenifanya nitafakari. Sina neno na mwenye cheti chake.

Bado nina maswali mawili. Nani analipa? Maana naijua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ikiguswa hiyo kwa ajili ya semina, mimi na wenzangu tutaandamana hadi kwa mkurugenzi. Na la pili, akija asiye na karatasi yoyote mtafanya nini? Msilizunguke.

MLETA MADA

Asilimia 10 haiguswi. Ile ni mikopo ya vikundi vya raia, na kwa kweli darasa lingewasaidia vijana kujua namna ya kuunda kikundi na kuiomba. Gharama zenyewe ni ndogo: darasa la shule ya msingi Jumapili halina kazi, mtendaji wa kata anaweza kuliombea. Daftari kila mtu aje na lake. Hakuna posho, wala kwa walimu. Najua wengine watakataa kufundisha bila posho, na hao tusiwabembeleze.

Asiye na karatasi. Akiwa mtoto, ni ustawi wa jamii moja kwa moja, na 116. Akiwa mtu mzima aliyekimbia kwao, sheria ile ile ya 1998 inamtaka ajitokeze kwa ofisa ndani ya siku saba tangu aingie nchini ili aombe hifadhi. Wengi hawalijui hilo, wanajificha hadi wanakuwa na kosa ambalo mwanzoni hawakuwa nalo. Maoni yangu ni kwamba aambiwe ukweli huo, na asindikizwe na mtu anayemwamini hadi ofisini, asipelekwe kama mhalifu. Darasani hatutakuwa na daftari la kukagua uraia mlangoni. Kazi hiyo ina wenyewe.

DADA WA KWA MROMBO

Kaka, Jumapili nitakuja kufundisha. Ila hilo la kusindikizwa ofisini halijakaa sawa. Ukimpeleka mmoja, hata kwa upole, wenzake kumi hawatatia mguu darasani tena. Na usipompeleka, yuko siku atakamatwa na atasema alikuwa kwenu. Mimi wasichana ninaowajua wataniuliza hilo siku ya kwanza.

MZALIWA WA MISHAMO, SASA PASUA MOSHI

Dada kasema kweli. Mimi enzi zile nisingekuja.

MLETA MADA

Basi hilo ndilo tulimalize kwanza kabla ya kuomba darasa. Napendekeza maelezo ya siku saba yatolewe kwa wote, wazi, siku ya kwanza, bila kumuuliza mtu ni nani. Anayetaka kusindikizwa aombe mwenyewe. Mwalimu, Ustawi, Machinga, mnasemaje? Na kama yupo mwanasheria anayetusoma, atuambie mtaa una wajibu gani hapo kisheria, ili tusimwingize mwenyekiti matatizoni.